Ukitaka Kuunda Programu ya Simu Watakayoipenda Vijana

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa lakini riziki imenileta bara. Kwa miaka 11 sasa ninaishi Ruiru, kando ya barabara kuu ya Thika, na kazi yangu ni kuchora sura za programu za simu: kitufe kikae wapi, kiandikwe neno gani, na mtu akikibonyeza apelekwe wapi. Karibu kila mwezi hupigiwa simu na watu wa nyumbani. Leo ni akina mama wa chama cha akiba Likoni, kesho ni mwalimu wa Malindi, keshokutwa ni kikundi cha kusafisha ufuo. Ombi lao ni moja: "Tufanyie apu, lakini iwe ya kuwavutia vijana." Wengi hudhani dawa ni rangi kali na katuni. Nimechoka kueleza mmoja mmoja, ndipo nikaona niyaandike yote hapa, mwenye haja asome na amsomee mwenziwe.

Kwanza nieleze kilichonisukuma.

Mtoto wa dada yangu aliishi nami alipokuwa akisoma chuo huku. Muhula mmoja karo yake, shilingi 18,000, haikufika chuoni. Iliishia katika mchezo wa kamari wa kwenye simu. Hasira zilipotulia nilimwambia anioneshe mchezo wenyewe. Akanipa simu, nami nikautazama kwa jicho la fani yangu, nikanyamaza. Ulifunguka kwa sekunde mbili kwenye simu yake ya bei ya chini. Haukumwuliza jina wala barua pepe, nambari ya simu tu. Pesa ziliingia na kutoka kwa M-Pesa, naye hakuandika kitu ila nambari yake ya siri. Maneno yalikuwa machache, na kila kitufe kilikaa pale kidole gumba kinapofika.

Kwenye simu hiyo hiyo palikuwa na programu yangu mimi. Ni kamusi ndogo ya Kimvita niliyowatengenezea watoto wetu wanaokulia bara, wasije wakamsikia nyanya yao akisema "kitwa" na "ndia" wakadhani amekosea "kichwa" na "njia". Kijana alikuwa ameipakua kwa heshima tu. Hakuifungua mara ya pili. Nikamwuliza kwa nini.

"Mjomba, yako ni kama kitabu cha shule."

Wenye kamari walikuwa wamemsoma kuliko mimi ninayekula naye sahani moja. Yafuatayo ndiyo niliyojifunza tangu siku ile, mengine kwa kusoma, mengi kwa kukosea.

1. Jua ni kijana yupi

Neno "vijana" limebeba watu wengi mno. Mtoto wa miaka 11 anayetumia simu ya mamake jioni si sawa na msichana wa miaka 16 wa shule ya bweni anayeishika simu likizo pekee, wala si sawa na bodaboda wa miaka 23 pale Kihunguro anayeishi na simu mfukoni kutwa. Mimi huwagawa makundi matatu: miaka 10 hadi 13, miaka 14 hadi 17, na miaka 18 hadi 24. Chagua moja uanze nalo. Ukiandika "ya watoto" juu ya programu, wa miaka 15 hataigusa, hata kama ndani yake mna anachokihitaji.

Safaricom ni mfano mzuri wa kuona tofauti hii. Mwaka 2016 ilianzisha BLAZE kwa vijana wasiozidi miaka 26, na kilichowavutia wengi ni kwamba kijana aliweza kugawa pesa zake mwenyewe kati ya kupiga simu, ujumbe na data. Mwaka 2022 ikaleta M-PESA Go kwa wenye miaka 10 hadi 17, na huko mzazi ndiye anayemsajili mtoto na anaweza kufuatilia matumizi yake. Kampuni ni moja na wote ni vijana, lakini milango ni miwili. Mkubwa alipewa uhuru wa kujipangia, mdogo akapewa uhuru wenye mlinzi.

Jambo jingine ni dhana kwamba vijana ni mafundi wa simu, hivyo hawahitaji kurahisishiwa. Kampuni ya Jakob Nielsen, mtaalamu wa Kidenmark aliyetumia miaka mingi kuchunguza jinsi watu wanavyotumia kompyuta, iliwapima vijana wa balehe na kukuta wanashindwa mara nyingi zaidi kuliko watu wazima. Sababu zilikuwa tatu: husoma kidogo, hawana mbinu nzuri za kutafuta, na subira yao ni fupi. Kijana akikwama hakupigii simu kuuliza. Anaondoka.

2. Anza na simu aliyonayo

Sisi wachoraji tunafanyia kazi kwenye simu za bei ghali zenye intaneti ya ofisini. Kijana ana simu yenye ufa kwenye kioo, nafasi imejaa picha, na bando la saa moja ambalo amelipangia mambo matano. Programu yako ikiwa kubwa, ndiyo ya kwanza kufutwa siku atakapotaka kupiga picha harusini.

Kampuni kubwa zimelijua hilo zamani. Facebook ilitoa toleo lake jepesi mwaka 2015, na Google ikatoa Android Go mwaka 2017 kwa ajili ya simu zenye uwezo mdogo. Kamusi yangu ya kwanza ilikuwa na megabaiti 41 kwa sababu nilijaza picha za Fort Jesus na majahazi. Niliyoitoa baadaye ina 7. Hakuna kijana aliyeniuliza picha zimeenda wapi.

Vilevile iwe inafanya kazi bila mtandao. Apakue mara moja, kisha aweze kutumia sehemu kubwa hata bando likiisha. Na ikiwa wengi unaowalenga hawana simu janja, usione aibu kutumia ujumbe mfupi. Eneza, iliyoanzishwa Kenya mwaka 2011, iliwapelekea wanafunzi masomo na maswali kwa ujumbe wa simu za kawaida. Ubongo Kids ya Dar es Salaam ilipoanza kuoneshwa kwenye televisheni mwaka 2014, watoto walijibu maswali ya kipindi kwa ujumbe mfupi kupitia simu za wazazi wao. Hizo zote zilipendwa na watoto, na hazikuhitaji kioo cha kugusa.

3. Dakika ya kwanza ndiyo inayoamua

Hesabu hatua zilizopo tangu mtu afungue programu hadi apate jambo la kwanza lenye faida. Kwenye kamusi yangu zilikuwa 7: karibu, chagua lugha, andika jina, andika barua pepe, tunga neno la siri, lirudie, kisha nenda kwenye barua pepe ukathibitishe. Kijana wa Ruiru ana barua pepe aliyofunguliwa na muuza simu na hajui neno lake la siri. Nilikuwa nimemfungia mlango huku nikimwambia karibu.

Sisi wa pwani tunajua adabu ya kumpokea mgeni. Humpi fomu mlangoni. Unamketisha, unampa kahawa na tende, mazungumzo yanafuata. Programu nayo ifanye hivyo: mwoneshe kitu kizuri kwanza, habari zake umwombe baadaye, tena zile tu ambazo bila hizo kazi haifanyiki.

4. Kazi kwanza, urembo baadaye

Mwezi Juni 2024, vijana wa Kenya walipokuwa wakiupinga Mswada wa Fedha, mojawapo ya programu zilizopakuliwa kwa wingi ilikuwa Zello. Ni programu ya Kimarekani inayogeuza simu kuwa kama ile redio ya mkononi ya askari: unashika kitufe kimoja, unasema, wenzio wanasikia. Haikuwa na katuni. Haikutangazwa kwa vijana wa Kenya. Lakini ilifanya jambo moja walilolihitaji siku zile, ikalifanya haraka. Tarehe 26 Juni Rais alitangaza kwamba hautii saini mswada ule, na vijana wengi waliokuwa hawajawahi kuisikia Zello walikuwa nayo mfukoni.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua rangi, jaza sentensi hii: "Kijana atafungua programu hii pale anapotaka ___." Ukishindwa kuijaza kwa maneno machache, programu yako haijawa tayari kuchorwa.

Urembo nao una kanuni zake, na si za kubuni kichwani. Google hupendekeza kitufe kisipungue milimita 9 hivi kila upande, kidole kisije kikabonyeza cha jirani. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti unataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1. Maandishi ya kijivu juu ya cheupe hupendeza ofisini, lakini mpeleke mtu jua la saa saba mchana pale Buxton uone kama ataona neno.

5. Lugha: usijifanye

Hapa ndipo wazee tunapochekwa. Nilipoambiwa kamusi yangu ni kama kitabu cha shule, nilijaribu kuweka Sheng. Niliandika ukurasa wa kwanza kwa maneno niliyoyasikia kwenye matatu za Githurai. Wanafunzi watatu wa chuo walipousoma mbele yangu waliangaliana wakacheka, mmoja akaniambia kwa upole kwamba maneno yale waliyaacha walipokuwa kidato cha pili.

Sheng inafaa ikiandikwa na wenyewe. Shujaaz, jarida la katuni lililoanza mwaka 2010 na kugawiwa bure pamoja na gazeti la Daily Nation, liliandikwa kwa Sheng kupitia mhusika wake DJ Boyie, kijana anayerusha redio yake ya siri kutoka nyumbani. Vijana walimwandikia kana kwamba yupo, na kazi hiyo ilishinda tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012 na tena 2014. Siri yake ni kusikiliza. Wasomaji waliandika matatizo yao, na hadithi zikafuata huko.

Kama huna watu wa namna hiyo, tumia Kiswahili chepesi cha sentensi fupi. "Hifadhi." "Rudi." "Jaribu tena." Hakuna kijana anayekimbia maneno hayo. Wanachokikimbia ni aya ya mistari 12 inayoanza na "Tafadhali zingatia kwamba".

Na kwa lugha zetu za pwani, nimegundua kwamba sauti hupita maandishi. Kimvita kilichoandikwa huonekana kwa mtoto wa bara kama makosa ya tahajia. Kikisemwa na mtu anayempenda, ni kitu kingine.

6. Kuvuta na kunasa

Hili ndilo lililo zito, na ndilo linalonikosesha usingizi katika kazi hii. Mbinu za kumvuta kijana zinaweza pia kumnasa. Ukurasa usio na mwisho, ule unaoteremka bila kufika chini, ulibuniwa na Aza Raskin wa Marekani mwaka 2006. Baadaye alijitokeza hadharani akasema anajuta, kwa sababu umewaondolea watu mahali pa kupumzika na kujiuliza kama wanataka kuendelea. Kuhesabu siku za mfululizo ni mbinu nyingine. Duolingo, iliyoanza kuwafundisha Kiswahili wanaojua Kiingereza mwaka 2017, huhesabu siku ulizosoma bila kukosa, na wengi humshukuru huyo mhesabu kwa kuwasukuma. Lakini mbinu ile ile ikipelekwa kwenye kamari au kwenye mikopo ya simu hugeuka mtego.

Nami niliingia humo. Katika toleo la pili la kamusi niliweka hesabu ya siku. Ilifaulu: watoto walirudi. Kisha jirani yangu akanieleza kwamba binti yake wa miaka 12 aliamka saa sita usiku akaiba simu ya babake ili siku yake ya 23 isipotee, na alipokuta betri imeisha alilia hadi nyumba nzima ikaamka. Nilimtazama yule mama nikamkumbuka mpwa wangu na karo yake. Kesho yake niliiondoa hesabu ile. Waliorudi walipungua, na nikakubali wapungue.

Sasa nina maswali mawili ninayojiuliza juu ya kila mbinu. La kwanza: je, ningeweza kumweleza mzazi wa mtoto huyu, uso kwa uso, jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi? La pili: je, kijana akiamka asubuhi atafurahi kwamba jana alitumia muda wake hapa? Kama jibu la moja kati ya hayo ni hapana, kitu hicho hakiingii. Weka mwisho unaoonekana. Punguza arifa, na usitume hata moja usiku.

7. Sheria na siri za watoto

Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Kifungu cha 33 kinasema data za mtoto zisishughulikiwe bila idhini ya mzazi au mlezi, na kwa njia inayolinda maslahi ya mtoto, tena pawe na njia ya kuthibitisha umri. Mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Usidhani ni maneno ya kwenye karatasi. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliipiga shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Wakati huo huo kampuni ya programu za mikopo ilitozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia nambari za watu waliozipata kwa wengine na kuwatumia ujumbe wa vitisho. Ndugu zetu wa Tanzania nao wana sheria yao ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ya kulinda data ni kutoichukua. Kamusi haihitaji kujua mtoto yuko wapi. Chama cha kusafisha ufuo hakihitaji nambari zote zilizo kwenye simu ya mwanachama. Na zile picha za watoto mnazotaka kuweka kwenye ukurasa wa kwanza, pateni idhini ya maandishi kwa wazazi, au tumieni michoro.

8. Waite wenyewe, mapema

Wahenga walisema ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Huwezi kuketi ofisini ukabuni anachokipenda mtu wa miaka 17. Wala huhitaji utafiti wa mamilioni. Mwaka 2000 Nielsen aliandika kwamba kuwajaribu watu 5 kunatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo, kisha urekebishe ujaribu tena na wengine 5.

Mimi hufanya hivi. Ninachora kurasa kwa penseli, karatasi moja kwa kila ukurasa. Ninakaa na kijana mmoja kwa wakati, iwe kibandani Kimbo au chini ya mti karibu na chuo. Ninampa kazi moja: "Tafuta neno hili." Kidole chake ndicho simu, akigusa karatasi, nabadilisha ukurasa. Kisha nafunga mdomo. Hapo ndipo pagumu, maana ukiona mtu anapotea kwenye kitu ulichokichora mwenyewe ulimi hukuwasha. Usimwelekeze. Mahali alipopotea ndipo penye kazi yako. Na umlipe kwa muda wake, hata kama ni nauli na chakula cha mchana.

Mara nyingine jibu litakuwa kwamba hakuna haja ya programu. Akina mama wa Likoni nilioanza nao juu, mwisho tuliona kwamba mabinti zao wanachotaka ni kujua salio la chama kila Ijumaa. Ujumbe mmoja kwenye kundi la WhatsApp ulimaliza kazi, na pesa ya programu ikabaki kwenye akiba.

Kabla hujamlipa mtu kuunda, jiulize:

- Ni kijana wa umri gani, na anatumia simu ya nani?
- Ataifungua anapotaka nini?
- Je, itafunguka kwenye simu ndogo, na itafanya kazi bando likiisha?
- Ni hatua ngapi hadi apate faida ya kwanza?
- Nani ameandika maneno, na vijana 5 wameyasoma?
- Inaishia wapi, ili aweze kuiweka chini?
- Inachukua habari gani zake, na mzazi anajua?

Kuhusu kamusi, toleo lililopo sasa lilichorwa na mpwa wangu pamoja nami. Wazo la sauti lilikuwa lake. Alikwenda Mombasa likizo akamrekodi nyanya yake kwa simu, maneno zaidi ya 200, na jogoo wa jirani anasikika nyuma. Unasikia neno, unachagua maana moja kati ya tatu. Yakifika 10, sauti ya mama inasema, "Basi, yatosha kwa leo, enda ukateze." Hapo inafunga. Vijana hutumiana sauti hiyo kwenye WhatsApp kuambiana waache simu walale.

Karo ile aliilipa kidogo kidogo kwa kufanya kazi kwenye duka la M-Pesa. Siwezi kuapa kwamba hajacheza tena. Ninachoweza kusema ni kwamba mwezi uliopita alinionesha programu mpya ya kamari aliyotumiwa na rafiki, akanielekeza kitufe kwa kitufe jinsi ilivyotegwa, kisha akaifuta mbele yangu.